Draiva inayoangusha mashine ikitenganishwa na kifaa: uchambuzi wa usafishaji mbovu katika kerneli ya Linux

Kifaa chenyewe ni kinasa sampuli kilichomo ndani ya chipu ya ARM. Kina rejista zake, saa moja (yaani mapigo yanayoendesha saketi), mstari mmoja wa katizo (ishara ya kifaa kuiita prosesa) usioshirikiwa na kifaa kingine, na bafa ya DMA ya KiB 64 (kumbukumbu ambayo kifaa huiandikia moja kwa moja bila kupitia prosesa). Pia kuna kazi iliyoahirishwa inayojirudia kila milisekunde 500: inakagua kama kifaa kimekwama, na kikiwa kimekwama inakiwasha upya. Programu za mtumiaji hukisoma kupitia `/dev/kinasa0`. Jina `kinasa` ni la mfano na msimbo umefupishwa, lakini makosa yaliyomo ni yale yale yanayokutwa kila siku kwenye draiva za kweli.

Kifaa kikiwa kazini hakuna tatizo lolote. Sampuli zinaingia, programu zinasoma, kila mtu ameridhika. Matatizo huanza pale draiva inaposhindwa kuanza, au inapotenganishwa na kifaa, na dalili zake hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza inaonekana kwenye `/sys/kernel/debug/clk/clk_summary`. Saa ya kinasa ina hesabu ya kuwashwa 4, ilhali anayeitumia ni mmoja. Draiva ikiondolewa inabaki 3, na saa haizimiki mpaka mashine yenyewe izimwe. Kwenye kifaa cha betri huo ni umeme unaopotea bure.

Ya pili: ukitenganisha draiva wakati kifaa kinanasa, mara nyingi hakuna kinachotokea, lakini siku nyingine prosesa inatoa `synchronous external abort`, au mashine inaganda bila kuandika hata mstari mmoja.

Ya tatu hujitokeza muda mfupi baada ya kutenganisha, kama nusu sekunde hivi. KASAN, chombo cha kerneli cha kunasa matumizi mabaya ya kumbukumbu, inalalamika kwamba kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa imeguswa, na mlolongo wa miito unaonyesha msimbo wa taima wa kerneli. Jina la draiva halimo. Hapo ndipo wengi hupotea na kuanza kuushuku mfumo wa taima. Ripoti ya KASAN ina milolongo mitatu: aliyegusa, aliyeomba kumbukumbu, na aliyeiachilia. Nenda moja kwa moja kwenye ule wa tatu. Ukikuta `devres_release_all` chini ya `device_release_driver_internal`, jua kwamba kumbukumbu iliombwa kwa `devm_kzalloc` (vinavyoombwa kwa `devm` huachiliwa na kerneli yenyewe) na ikaachiliwa draiva ilipotenganishwa, huku kuna mtu mwingine ambaye bado alikuwa ameshika kielekezi chake.

Msimbo wa mwanzo wa `probe`, yaani kitendakazi kinachoitwa draiva inapounganishwa na kifaa, ni huu, ukiondoa mistari isiyohusika:

```c
k = devm_kzalloc(dev, sizeof(*k), GFP_KERNEL);
/* ... k->base, k->clk = devm_clk_get(dev, NULL) ... */

ret = clk_prepare_enable(k->clk);
if (ret)
	return ret;

k->irq = platform_get_irq(pdev, 0);
if (k->irq < 0)
	return k->irq;

ret = devm_request_irq(dev, k->irq, kinasa_katizo, 0, "kinasa", k);
if (ret)
	goto zima_saa;

k->buf = dma_alloc_coherent(dev, BAFA, &k->dma, GFP_KERNEL);
if (!k->buf) {
	ret = -ENOMEM;
	goto zima_saa;
}

INIT_DELAYED_WORK(&k->kagua, kinasa_kagua);
platform_set_drvdata(pdev, k);

ret = misc_register(&k->misc);
if (ret)
	goto zima_saa;

schedule_delayed_work(&k->kagua, HZ / 2);
return 0;

zima_saa:
	clk_disable_unprepare(k->clk);
	return ret;
```

Na upande wa kuondoa, yaani `remove`:

```c
cancel_delayed_work(&k->kagua);
misc_deregister(&k->misc);
dma_free_coherent(dev, BAFA, k->buf, k->dma);
clk_disable_unprepare(k->clk);
```

Ukiusoma haraka unaridhisha. Kila kilichoombwa kina mstari wa kukirudisha, na mtu anayelinganisha jozi kwa jozi atasema kazi imekamilika. Ila jozi hazitoshi. Kwenye kila mstari wa kurudisha kitu unapaswa kuuliza ni nani bado anaweza kukifikia kitu hicho wakati huo: kitendakazi cha katizo, taima, uzi uliolala ndani ya `read`, au kifaa chenyewe kinachoandika kwa DMA. Kasoro zote za draiva hii zinatokana na swali hilo kutoulizwa, isipokuwa mbili za mwanzo, ambazo ni uzembe wa kawaida.

Njia ya kushindwa

`platform_get_irq` inaweza kurudisha `-EPROBE_DEFER`, yaani -517, ikimaanisha kidhibiti cha makatizo hakijawa tayari na draiva ijaribiwe tena baadaye. Msimbo unarudi pale pale na saa imewashwa. `devm_clk_get` inarudisha marejeo ya saa, lakini haiizimi. Kuwasha na kuzima ni hesabu nyingine kabisa, na hapa ndipo watu wengi hudanganywa na herufi nne za `devm`. Kerneli hurudia foleni ya vifaa vilivyoahirishwa kila kifaa kingine kinapopata draiva yake. Ikishindwa mara tatu na kufaulu ya nne, hesabu ni 4. Dalili ya kwanza imepata jibu. Vifaa vinavyosubiri zamu unaweza kuviona kwenye `/sys/kernel/debug/devices_deferred`.

Kosa la pili ni `misc_register` inaposhindwa: msimbo unaruka hadi `zima_saa` na bafa ya KiB 64 inabaki bila mwenyewe. Usitegemee kmemleak, chombo cha kerneli cha kutafuta kumbukumbu inayovuja, ikuambie, kwa sababu haifuatilii kurasa zinazoombwa moja kwa moja kwa mgawaji wa kurasa. Washa `CONFIG_DMA_API_DEBUG`, ndiyo itakayoandika kwenye dmesg `device driver has pending DMA allocations while released from device`, pamoja na idadi.

Kuna kosa la tatu hapo hapo, la mpangilio wa kuanza. Katizo linaombwa kabla ya bafa kuwepo na kabla ya `INIT_DELAYED_WORK`. Kama kipakiaji cha mfumo kiliacha kifaa kikiwa kimewashwa, katizo linaweza kuingia papo hapo. Kitendakazi chake kitasoma `k->buf` iliyo tupu, na kikiita `mod_delayed_work` juu ya kazi ambayo haijaandaliwa, kerneli itapiga onyo. Kuomba katizo ni sawa na kufungua mlango: ndani kuwe kumeshapangwa.

Kuondoa, na kwa nini mpangilio ndiyo kila kitu

Rasilimali za `devm` huachiliwa baada ya `remove` kurudi, iliyoombwa mwisho ikitoka kwanza. Katika draiva hii katizo ni la `devm` na saa ni ya mkono. Kwa hiyo `remove` inazima saa, inarudi, kisha ndipo katizo linaachiliwa. Katikati kuna upenyo wa mikrosekunde chache. Katizo likiingia hapo, kitendakazi kinasoma rejista ya hali ya kifaa kisicho na saa, basi la ndani halipati jibu, na hiyo ndiyo dalili ya pili. Chipu nyingine hurudisha kosa, nyingine husubiri milele. Ndiyo maana mahali pengine unapata ripoti na pengine mashine inaganda tu. Kuchanganya `devm` na usafishaji wa mkono si dhambi, ila chochote cha mkono kitasafishwa kabla ya vyote vya `devm`, upende usipende.

`cancel_delayed_work` nayo ina mawili. Kwanza, haisubiri: kama kazi tayari inaendelea kwenye prosesa nyingine, inarudi na kuiacha iendelee. Pili, kazi hii hujipanga tena yenyewe, na kitendakazi cha katizo huipanga pia. `cancel_delayed_work_sync` inatatua la kwanza na inamudu kazi inayojipanga yenyewe, lakini haiwezi kumzuia mtu wa nje kuipanga tena dakika inayofuata. Kwa hiyo katizo litoke kwanza. `free_irq` husubiri kitendakazi kinachoendelea kimalize, na ikirudi hakuna tena wa kuipanga kazi isipokuwa kazi yenyewe. Hapo `_sync` inatosha. (Tangu toleo 6.10 kuna `disable_delayed_work_sync`, inayokataa kupangwa upya kokote. Ni nzuri, ila isitumike kuficha mpangilio uliokosewa.)

Kama mstari wa katizo ungekuwa wa kushirikiwa, kungekuwa na mtego mwingine: kazi ya ukaguzi inaweza kufungulia makatizo ya kifaa baada ya kitendakazi kuondolewa, mstari ukabaki unapiga bila wa kuujibu, na kerneli ikaufunga kwa wote kwa ujumbe wa `nobody cared`. Hapo inabidi kuwe na alama inayoizuia kazi kugusa kifaa mara kufunga kunapoanza.

Kisha kuna lile ambalo hakuna dalili iliyolionyesha. `remove` inaachilia bafa bila kukisimamisha kifaa. Kama kinanasa wakati huo, kitaendelea kuandika kwenye anwani ile ile ya kumbukumbu, ambayo sasa huenda imepewa mfumo wa faili au programu nyingine. KASAN haitaona kitu, kwa kuwa inakagua maandiko ya prosesa tu, na DMA haipiti huko. Palipo na IOMMU (kitengo kinachosimamia anwani ambazo kifaa kinaruhusiwa kuzifikia) utapata hitilafu ya anwani. Pasipo nayo, data inaharibika kimya na lawama itaangukia mahali pengine kabisa. Hii ndiyo kasoro mbaya kuliko zote za draiva hii, na imeonekana kwa kusoma msimbo, si kwa chombo.

Faili iliyoachwa wazi

Sehemu zote zilizopita zinaweza kurekebishwa kwa kupanga upya mistari. Hii haiwezi. Programu imefungua `/dev/kinasa0` na imelala ndani ya `read`, draiva inatenganishwa, `k` inaachiliwa na `devm`, programu inaamka na kugusa `k`. Mara nyingi husikika hoja kwamba `.owner = THIS_MODULE` inazuia jambo hilo. Inachozuia ni moduli kuondolewa faili ikiwa wazi. Kutenganisha kupitia `unbind` kwenye sysfs, au kifaa chenyewe kuchomolewa kwenye basi linaloruhusu hivyo, hakuulizi moduli chochote. Wapo wanaoweka `suppress_bind_attrs` ili faili ya `unbind` isionekane. Hiyo inaondoa njia moja ya kulifikia kosa, na kosa linabaki lilipo.

Dawa ni kukubali kwamba `k` ina maisha marefu kuliko muungano wa draiva na kifaa. Iombwe kwa `kzalloc` ya kawaida, ihesabiwe kwa `kref`, hesabu ya wanaoitumia: rejeo moja la muungano, na moja kwa kila faili iliyofunguliwa. Rejista, saa, bafa na katizo viwe kwenye `devm`, kwa sababu hivyo ni vya kifaa, na kifaa kikiondoka lazima viondoke hata kama faili iko wazi. Kati ya makundi hayo mawili kunasimama alama moja, `hai`, inayolindwa na kufuli.

```c
static void kinasa_funga(void *data)
{
	struct kinasa *k = data;

	misc_deregister(&k->misc);
	mutex_lock(&k->kufuli);
	k->hai = false;
	mutex_unlock(&k->kufuli);
	wake_up_interruptible_all(&k->foleni);
}
```

`read` inasubiri kwa `wait_event_interruptible(k->foleni, k->tayari || !k->hai)`, kisha inashika kufuli na kuiangalia `hai` mara ya pili. Ikikuta imezimwa inarudisha `-ENODEV`. Inakili kutoka kwenye bafa huku imeshika kufuli, hivyo `kinasa_funga` haiwezi kupita katikati ya nakala. Upande wa `open` ni rahisi kuliko unavyodhaniwa: `misc_open` huita `open` ya draiva ikiwa imeshika kufuli lile lile linaloshikwa na `misc_deregister`, kwa hiyo `kref_get` ya kawaida inatosha. `release` inafanya `kref_put` peke yake. Isiguse `k->base` wala kielekezi cha kifaa, kwani huenda vyote vimeshaondoka. Draiva hii haina `mmap`. Ingekuwa nayo, kurasa za bafa zingekuwa mikononi mwa programu na suluhisho hili lisingetosha.

Mpangilio mpya

Sasa `probe` inaandikwa kwa mpangilio ambao ukisomwa kutoka chini kwenda juu unatoa usafishaji sahihi:

```c
k = kzalloc(sizeof(*k), GFP_KERNEL);
if (!k)
	return -ENOMEM;
kref_init(&k->ref);
mutex_init(&k->kufuli);
init_waitqueue_head(&k->foleni);
ret = devm_add_action_or_reset(dev, kinasa_toa_rejeo, k);
/* kila hatua chini hapa: ikishindwa, return ret tu */

k->base = devm_platform_ioremap_resource(pdev, 0);
k->clk  = devm_clk_get_enabled(dev, NULL);
irq     = platform_get_irq(pdev, 0);
k->buf  = dmam_alloc_coherent(dev, BAFA, &k->dma, GFP_KERNEL);
ret = devm_add_action_or_reset(dev, kinasa_simamisha, k);
ret = devm_delayed_work_autocancel(dev, &k->kagua, kinasa_kagua);
ret = devm_request_irq(dev, irq, kinasa_katizo, 0, "kinasa", k);

k->hai = true;
ret = misc_register(&k->misc);
ret = devm_add_action_or_reset(dev, kinasa_funga, k);
schedule_delayed_work(&k->kagua, HZ / 2);
```

Ukaguzi wa makosa umeachwa ili mpangilio uonekane. Soma kinyume: milango ya mtumiaji inafungwa, katizo linatolewa, kazi inafutwa na kusubiriwa, kifaa kinasimamishwa, bafa inarudishwa, saa inazimwa, ramani ya rejista inaondolewa, na mwisho kabisa rejeo la `k` linatolewa. `kinasa_simamisha` imewekwa kati ya bafa na kazi kwa makusudi. Ikitangulia kufutwa kwa kazi, ukaguzi unaweza kukiwasha kifaa tena baada ya kusimamishwa. Ikichelewa kupita bafa, DMA inaandika hewani. Ndani yake inaandika sifuri kwenye rejista ya udhibiti, kisha inasubiri kwa `readl_poll_timeout` mpaka biti ya "nipo kazini" ishuke. Kuandika peke yake hakutoshi, maana andiko linaweza kuwa bado limo njiani ndani ya basi.

`remove` haipo tena. Inashawishi kuibakiza ili izime `hai`, lakini `devm_add_action_or_reset` ya mwisho ikishindwa kwa kukosa kumbukumbu, `remove` haiitwi kamwe, na tayari mtu anaweza kuwa amefungua faili tangu `misc_register`. Alama ikizimwa ndani ya `kinasa_funga`, njia zote mbili zinapita hapo.

Kupima

Kompaili kerneli ikiwa na `CONFIG_KASAN`, `CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK`, `CONFIG_DMA_API_DEBUG`, `CONFIG_PROVE_LOCKING`, na `CONFIG_DEBUG_OBJECTS` pamoja na vipengele vyake vya `FREE`, `TIMERS` na `WORK`. Hicho cha mwisho kingeipata dalili ya tatu bila kungoja nusu sekunde: kinapiga kelele `ODEBUG: free active` wakati ule ule kumbukumbu yenye taima hai inapoachiliwa, na safari hii mlolongo unaelekeza kwa mkosaji.

```sh
cd /sys/bus/platform/drivers/kinasa
for i in $(seq 200); do
	sleep 2 < /dev/kinasa0 &
	echo 40010000.kinasa > unbind
	echo 40010000.kinasa > bind
done
```

Ile `sleep` inashikilia faili wazi bila kuandika programu yoyote. Mizunguko mingine ikikuta faili ya kifaa haipo, haidhuru. Baada ya kutenganisha kwa mara ya mwisho, hesabu ya saa kwenye `clk_summary` iwe 0 na `/proc/interrupts` isiwe na jina la kinasa.

Njia za kushindwa hazipimwi kwa mzunguko huo, zinahitaji kuchokozwa. Chombo kizuri ni `/proc/self/fail-nth`, chini ya `CONFIG_FAILSLAB`: ukiandika N, ombi la N la uzi huo linashindwa. Programu fupi ya C ifungue faili ya `bind` kwanza, iandike N, iandike jina la kifaa, kisha isome `fail-nth`. Ikisomeka 0, kosa lilipandikizwa, basi ongeza N urudie. Ikisomeka zaidi ya 0, umepita maombi yote ya `probe`. Kabla ya hapo andika `N` kwenye `/sys/kernel/debug/failslab/ignore-gfp-wait`. Thamani ya awali ni `Y`, na ikibaki hivyo maombi ya `GFP_KERNEL` hayaguswi. Utapata matokeo safi yasiyo na maana yoyote.

Marekebisho yasipelekwe kama kiraka kimoja. Saa inayobaki imewaka, bafa inayovuja, na mpangilio wa `remove` kila kimoja kina kiraka chake kidogo kilichoandikwa kwa `goto` za kawaida, chenye mstari wa `Fixes:` na herufi 12 za kwanza za komiti iliyoleta kosa, ili viweze kurudishwa kwenye matoleo ya zamani, ambako kiraka hakitakiwi kuzidi mistari 100 pamoja na muktadha wake. Kuhamia `devm` na `kref` kunafuata juu yake. Katika viraka hivyo vya `goto`, lebo ipewe jina la inachofanya, `achia_bafa` juu ya `zima_saa`. Lebo za `kosa1` na `kosa2` hazimsaidii mtu anayechomeka hatua mpya katikati mwaka ujao.